Mawese kwenye Mpini wa Fimbo ya Kuvulia

Siku ile tulikuwa watu wanane kwenye gati dogo la klabu ya uvuvi. Alikuwepo Bwana Lambert, mfanyabiashara wa kahawa, mwenye fimbo. Alikuwepo Bwana Stanislas, mkuu wa klabu, mtu wa mtaa wa Ngagara aliyefanya kazi wizarani na kuja kwetu kila Jumamosi amevaa kofia nyeupe. Alikuwepo Fidele, mwendesha boti, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika. Mama Josefina wa jikoni alitoka mbio aliposikia kelele, mwiko bado mkononi. Walikuwepo ndugu wawili wauza vitambaa waliokuja kama wageni, ambao majina yao siyajui hata leo. Alikuwepo Mzee Saidi, fundi, aliyenifundisha kazi. Na mimi, Konsolata, nikiwa na miaka kumi na saba.

Nawataja wote kwa sababu wote walisikia neno lililosemwa pale, na neno lile halikuwa kweli. Aliyelisema alijua, na mimi nilijua. Wale sita wengine waliondoka nalo wakaenda nalo mjini.

Ninyi vijana mnaotengeneza fimbo kando ya ziwa mmeniuliza mara nyingi mpini wa lieji unasafishwaje, nami kila mara nimewajibu nusu. Leo nitajibu yote, hata ile sehemu ambayo hamkuiuliza.

Kilichonikalisha chini niandike ni jambo nililoliona mwezi uliopita, kwenye njia ya kwenda Carama, pale wanapoosha magari. Kijana mmoja, simtaji, alikuwa amesimamisha fimbo nne ukutani na kuzipiga kwa lile bomba la maji ya nguvu linalong'oa tope kwenye matairi. Mkoba uliniponyoka. Vipande vya lieji vilikuwa vinaruka kama mahindi kwenye kikaango.

Kijana akaniona, akazima mashine. "Mama, kuna nini? Uko mugonjwa?"

"Mi niko muzima. Hizo fimbo ndiyo ziko wagonjwa."

Akacheka, akidhani ni utani. Nilifika nyumbani nikakaa kitandani na viatu. Miaka yote ile ya kufuta kwa kitambaa, halafu mtu anakuja na bomba la malori.

Basi sikilizeni. Lieji ni gamba la mti usioota kwetu. Ni kitu kile kile kinachotengenezewa vizibo vya chupa za divai. Hukatwa pete pete, zikagandishwa kwa gundi, zikachongwa mpaka mpini ukae vizuri kiganjani. Uzuri wake ni kwamba mkono wenye maji unaushika bila kuteleza. Ubaya wake ni kwamba unakunywa kila kitu: jasho, damu ya samaki, bia, mafuta ya kujipaka, majivu ya sigara. Baada ya msimu mmoja mpini unakuwa mweusi kama kitako cha sufuria, na mwenye fimbo anafikiri umeoza. Haujaoza. Umechafuka tu.

Niliingia kazini kwa mlango wa jikoni. Baba alikufa nikiwa darasa la sita, mama akamfuata baada ya miezi saba. Nilikuwa mkubwa wa wanne. Mkuu wa shule alikuja nyumbani kuuliza mbona sionekani, akanikuta nachambua maharage, mdogo wetu wa mwisho mgongoni. Alikaa kidogo, akanywa maji, akaondoka. Hakuuliza tena. Nilifua nguo za watu kwa miaka mitatu, kisha Mama Josefina, jirani yetu, akaniombea kazi ya kufagia klabu.

Siku moja mvua ilitukuta na fimbo zote nje. Nilizikusanya, na kabla ya kuziweka ndani nikazifuta moja moja kwa kitenge changu. Mzee Saidi alikuwa amesimama mlangoni.

"We binti, nani alikufunza kufuta mbele ya kuweka?"

"Hakuna mutu, mzee. Nyumbani tunafuta sufuria vile."

"Wenzako wanne walipita hapa, hakuna hata moja alifuta. Wacha ufagio. Kaa hapa."

Mzee Saidi alikuwa mtu wa mtaa wa Buyenzi, mjukuu wa watu wa Buyenzi. Alitengeneza miavuli, kufuli, baiskeli na fimbo za kuvulia, na alikuwa na mikono midogo kama ya mwanamke. Alinifundisha hivi. Funga kwanza kitambaa pale panapokaa gurudumu la mshipi, ili maji yasiingie. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ile ya kufulia nguo za mtoto. Usitumbukize mpini. Lowesha kitambaa, kamua, kisha futa kwa kuzungusha, si kwa kuvuta. Badilisha maji kila yanapokuwa rangi ya chai. Suuza kwa kitambaa kingine. Kausha kivulini, penye upepo, kamwe si juani, maana jua linaufungua mpini kama mdomo wa mtu mwenye kiu.

"Hii kitu iko inapumua," aliniambia. "Ukiiziba, umeiua. Ukiisugua sana, umeikula. We unataka kuiosha, si kuikula."

Msasa ni wa mwisho kabisa, ule laini kama karatasi, na mkono uwe mwepesi kama unampapasa mtoto aliyelala. Mashimo huzibwa kwa unga wa lieji uliochanganywa na gundi ya mbao. Unga huo haukuuzwa popote, kwa hiyo tulisaga vizibo. Nilimtuma mdogo wangu Goreti kwenye hoteli moja kuviomba. Akaenda siku tatu mfululizo. Siku ya nne mhudumu akamshika mkono na kumpeleka kwa meneja, akisema mtoto huyu anakusanya vitu vilivyoguswa na midomo ya wageni, ni lazima kuna mganga anayemtuma. Nilikwenda na fimbo mkononi kueleza. Meneja alisaga kizibo mwenyewe kwa kisu, akaona unga, akacheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo walitutunzia vizibo kwenye mfuko, lakini yule mhudumu aliushika kwa vidole viwili tu, miaka yote.

Tena msiache fimbo chafu ghalani. Niliacha mbili, usiku mmoja tu. Asubuhi panya walikuwa wamekula mpini mmoja mpaka kwenye mti. Mzee Saidi aliunyanyua, akautazama, akanitazama.

"Angalau hawa walishiba," akasema.

Sasa nije kwenye mawese.

Nyumbani kwetu mama alikuwa na desturi. Mwiko mpya au mchi mpya haukutumika kabla ya kunyweshwa mawese. Aliyapasha moto kidogo, akapaka kwa kidole, akaacha usiku kucha, akapaka tena. Alisema mti ukinywa mafuta haupasuki. Miiko yake ilidumu kuliko yeye. Hata leo ninao mmoja, na haujapasuka.

Bwana Lambert alileta fimbo ya baba yake. Ilikuwa ya mwanzi uliopasuliwa na kugandishwa tena, kazi ya mafundi wa mbali ambao hawapo tena, na mpini wake ulikuwa na nyufa nyembamba kama za nyayo za mtu wa shamba. Jumamosi kulikuwa na shindano la klabu. Ijumaa mchana Mzee Saidi alivaa kanzu kwenda kuswali, akaniambia: "Osha, futa, weka kivulini. Usifanye kingine. Nyufa ntaziona mi nikirudi kesho asubuhi."

Niliosha, nikafuta. Nikaziangalia nyufa zile. Nikafikiri, gamba la mti nalo ni mti. Mama Josefina alikuwa na mawese jikoni. Nikayapasha moto, nikapaka kwa kidole, nikaacha, nikapaka tena. Nyufa zikajifunga mbele ya macho yangu. Mpini ukang'aa rangi ya asali iliyoiva. Kwa mara ya kwanza tangu mama afariki nilihisi kuna kitu chake nilichokifanya sawasawa. Nikaufuta kwa kitambaa kikavu mpaka haukuacha alama kidoleni, nikauweka kwenye mfuko wake.

Asubuhi Bwana Lambert aliwahi kufika kabla ya Mzee Saidi. Akauona mpini, akapiga mluzi. "Huyu mzee iko na mikono ya malaika," akasema, akaenda nao gatini. Sikusema kwamba mikono ile ilikuwa yangu. Nilijisikia vizuri tu.

Mpini wenye mafuta ukiwa mkavu unakudanganya. Ukipata maji na jasho, unageuka sabuni. Hilo sikulijua. Saa nne hivi samaki mkubwa, sangala, akashika ndoano, fimbo ikapinda kama upinde, watu wote wakasogea. Bwana Lambert alivuta mara moja, mara mbili. Mara ya tatu fimbo ikatoka mikononi mwake. Haikuanguka. Ilikwenda, imelala juu ya maji, kichwa mbele, kama kitu kinachojua nyumbani kwao. Akaruka kuishika, gati likaisha, akaingia ziwani na viatu na saa ya mkononi.

Fidele alimvuta kwa mti wa boti. Hakuna aliyecheka, hata Fidele. Bwana Lambert alikaa kwenye mbao, maji yakimtiririka, akafungua viganja vyake. Vilikuwa vyekundu, vinang'aa. Akavinusa.

"Mawese," akasema. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma neno la lugha asiyoijua. "Fimbo ya baba yangu. Ni nani alipaka hii?"

Nilikuwa naona nyumba yetu, sufuria juu ya jiko, vichwa vitatu kuizunguka. Mzee Saidi alikuwa ndiyo kwanza amefika, bado amebeba mfuko wake wa vifaa begani. Alitazama viganja vya Bwana Lambert. Kisha akatazama vidole vyangu. Mawese hayatoki kwenye kucha kwa siku mbili.

"Ni mi nilipaka, patroni," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimgeukia na mdomo wazi, naye hakuniangalia.

Bwana Stanislas alivua kofia yake. "Mzee Saidi, miaka yote hii? We kweli unaweza fanya kitu kama hii?"

"Nilijaribu, patroni. Haikukubali."

"Basi rudisha funguo ya ghala. Usirudi kesho."

Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye meza ya samaki. Alipofika getini Fidele akapata sauti yake tena. "Mzee Mawese," akamwitia kwa nyuma, "kesho paka na injini yangu, itaenda bila mafuta." Ndugu wauza vitambaa wakacheka. Hapo ndipo jina lilipozaliwa, mbele ya macho yangu, na mimi nimekunja vidole ndani ya kitenge.

Nilimfuata jioni Buyenzi. Alikuwa kibarazani anafungua kufuli ya mtu.

"Mzee, kwa nini ulisema vile?"

"We una watoto watatu ya kulisha. Mi niko na mikono. Mikono nimekuja nayo, hawakuikamata."

"Ntaenda kuwaambia kweli. Kesho asubuhi."

"Kesho watakufukuza, na mi hawatanirudisha. Tutakuwa wawili bila kazi. Iko na faida gani?" Akaipuliza kufuli vumbi. "Utasema siku utaweza kuishi bila hii kazi. Siku hiyo, sema. Sasa lete hiyo tindo, tena usiishike na mawese."

Nilishtuka kwamba aliweza kutania. Hata leo nashtuka.

Walinipa ufunguo wa ghala mimi, nikawa fundi. Kila Jumapili nilipita Buyenzi na fimbo zilizonishinda, naye akanionyesha, bila kuuliza malipo, bila kutaja siku ile. Aliniambia kwamba wapo wanaosafisha kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, na kwamba javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, haisafishi mpini, inaula. Aliniambia pale ambapo unga hauingii, kata pete nzima na uweke mpya. Kila nilichowafundisha ninyi kilitoka kibarazani pale.

Na ile siku ya kusema? Kwanza nilisema Goreti amalize shule. Akamaliza. Kisha bati likavuja. Kisha mdogo wetu wa mwisho akaoa. Kisha Bwana Stanislas akastaafu, nikajiambia mkuu mpya hajui habari yenyewe, nitamwambia nini. Mlango ulikuwa wazi mwaka baada ya mwaka, nami nilisimama nje nikihesabu sababu kama mtu anayechambua maharage. Mzee Saidi akafa nikiwa bado nachambua. Nilikaa na wanawake msibani, nikasikia wawili wakiulizana ni nani aliyefariki. "Mzee Mawese," mmoja akajibu. "Aa, Mawese. Mungu amurehemu." Hawakukusudia ubaya. Hawakuwa na jina lingine la kumuita.

Nilistaafu miaka miwili iliyopita. Wadogo zangu wananitunza, siwezi kulalamika. Kwa hiyo hakuna sababu iliyobaki.

Mwaka huu nilipita Buyenzi kununua uzi wa kufungia zile pete za fimbo zinazopitisha mshipi. Nikaona duka jipya, milango ya bluu, limejaa ndoano na nyavu. Juu yake kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: KWA MAWESE. Nilishika nguzo ya umeme.

Ndani alikuwa Zaina, mjukuu wa Mzee Saidi, mwanamke mzima sasa, ana watoto wawili. Akanijua.

"Mama Konso, karibu, kaa. Unaangalia kibao? Jina la babu hilo. Mutu yote analijua. Linaleta wateja."

"Unajua lilitoka wapi?"

"Si alikuwa anauza mawese zamani?" Akacheka. "Ama alikuwa anayapenda sana kwa chakula. Baba hataki kunieleza. Baba hata haingii hapa. Anapita ile upande ingine ya barabara. Alisema nikiweka hilo jina, mi si mutoto wake tena, na nilikuwa nimeshalipa mupaka rangi."

Nilimwambia. Nilimwambia yote, kidole kwa kidole, kama nilivyowaandikia ninyi hapa. Mteja aliingia akataka ndoano namba sita, Zaina akampa namba nane, mteja akaondoka nazo. Nilipomaliza alikuwa anatazama mlangoni, kule ambako kibao kilikuwa, ingawa kwa ndani hakionekani.

"Baba alifukuzwa shule juu ya hilo jina," akasema. "Walimuita mwana wa Mawese, mwizi wa mafuta. Akavunja meno ya mutoto mumoja. Kwa hiyo alikwenda kubeba mizigo bandarini. Hukujua?"

Sikujua. Nawaapia vijana, sikujua. Miaka yote ile ya kwenda kibarazani Jumapili, nilimwona Hamisi, baba yake Zaina, akitoka na kuingia, bega moja limeshuka kwa magunia, nikamsalimia, akaniitikia. Nilidhani aliacha shule kama mimi, kwa njaa.

"Nifute kibao?" Zaina akaniuliza.

"Sijui, mwanangu."

"Usinieleze mi. Mi nilimukuta ameshakuwa Mawese. Mueleze baba."

Nilikwenda bandarini Jumatatu. Walikuwa wanapakia mashua ya mizigo ya Kigoma. Hamisi sasa ni msimamizi wa wapagazi, mvi kichwani, daftari mkononi. Aliponiona aliacha watu wake, akaja, akaushika mkono wangu kwa mikono miwili.

"Mama Konso. Umekuja mupaka huku na hayo magoti? Ungenituma mutu."

Akaniletea kiti cha plastiki kivulini. Akauliza habari za Goreti. Akawaambia wapagazi: "Huyu mama, baba yangu alimupenda kuliko sisi. Alisema ndiye mutu moja tu alishika kazi yake sawasawa." Wakanisalimia mmoja mmoja, mikono yao imejaa vumbi la saruji.

"Kuna kitu unataka, mama?"

Nilifungua mdomo. Nikasema nilikuwa napita tu.

Nilirudi tena Alhamisi, na safari hii hata getini sikufika. Yeye ndiye aliyeniona kutoka ndani, akatoka nje, akanisindikiza hadi kituoni akiwa amenibebea mkoba. Njia nzima alinieleza jinsi babake alivyokuwa akinitaja siku za mwisho. Basi lilipokuja alimlipa kondakta nauli yangu kabla sijafungua mkoba, nami nikakaa dirishani, nikamshukuru.